Kitabu cha Lemera kwenye simu: dola ngapi kwa diaspora, franka ngapi kwa jirani?

LEMERA, Kivu Kusini – Kitabu kikiisha kuandikwa, kusahihishwa na kutiwa jalada, duka la Kindle la kampuni ya Amazon linamwuliza mwandishi swali moja la mwisho kabla ya kukiweka sokoni: bei ni ngapi? Nafasi ya kujaza ni ndogo, inataka tarakimu chache tu. Kwa mwandishi wa Lemera, kwenye milima ya teritware ya Uvira, hapo ndipo ugumu unapoanza. Wasomaji wake ni wa aina mbili, na duka linampa bei moja.

Mchukue mwalimu wa sekondari aliyekusanya ushuhuda wa wazee kuhusu mwezi wa Oktoba 1996. Ni mfano tu, lakini mfano usio mbali. Ameandika kwa daftari, akapiga chapa kwenye kompyuta ya rafiki Uvira, na sasa ana faili ya kurasa 150. Hana mchapishaji. Hana pesa za kuchapisha nakala elfu moja za karatasi wala gari la kuzipandisha milimani. Ana simu. Anataka kuuza kitabu hicho mwenyewe, kwenye intaneti, na hajui aandike dola moja, tatu au kumi.

Lemera haikosi la kusimuliwa. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali yake ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani, na wauguzi pia. Daktari aliyeiongoza hospitali hiyo wakati ule alikuwa Denis Mukwege, ambaye mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Siku kumi na saba baada ya shambulio, tarehe 23 Oktoba, jina la Lemera liliwekwa kwenye mkataba uliozaa AFDL, kundi lililomfikisha Laurent-Désiré Kabila Kinshasa. Kwa hiyo kijiji hiki kinajulikana katika vitabu vya historia ya inchi kwa mambo mawili, na yote mawili ni ya mwezi mmoja.

Lakini mkaaji wa Lemera anayetaka kusoma habari hizo anakuta nini? Kuna Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa Oktoba 2010, yenye matukio 617 yaliyotokea Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Ni ya bure kwenye intaneti. Ni pia kurasa zaidi ya 500 za lugha ya wanasheria, na mtu aliyesoma kwa Kiswahili tu hawezi kufika nayo mbali. Kuna vitabu vya Daktari Mukwege mwenyewe, kama La force des femmes, kilichotolewa Paris na Gallimard mwaka 2021. Huko Ufaransa sheria ya tarehe 26 Mei 2011 inamruhusu mchapishaji peke yake kupanga bei ya kitabu cha kidijitali, na wauzaji wote lazima waifuate. Bei hiyo imepangwa kwa mfuko wa msomaji wa Ulaya. Mwalimu anayejichapishia ndiye pekee anayeweza kupanga bei huku akimfikiria jirani yake. Ndiyo sababu kosa lake la bei linauma zaidi kuliko la Gallimard.

Hesabu ya duka

Mashauri mengi anayopewa mwandishi mpya yanasema: weka dola 2.99. Shauri hilo halikutoka hewani. Tangu katikati ya mwaka 2010 Amazon inamlipa mwandishi anayejichapishia asilimia 70 ya bei, kama bei iko kati ya dola 2.99 na dola 9.99. Chini ya hapo au juu ya hapo anapata asilimia 35 tu. Mtu akiuza kwa dola 9.99 anaandikiwa karibu dola 7. Akiongeza senti moja ifike dola 10, anaandikiwa 3.50.

Hiyo ndiyo sehemu inayotangazwa. Mwalimu wa Lemera anapaswa kusoma maandishi madogo, kwa sababu karibu kila mstari wake unamhusu.

Kwanza, katika mpango wa asilimia 70, duka la Marekani linakata senti 15 kwa kila mega ya faili, kama gharama ya kukisafirisha kitabu hadi kwa mnunuzi. Kitabu cha maneno matupu ni kama mega moja au chini yake, hakina shida. Lakini mwalimu akiweka picha za hospitali, za makaburi, za wazee waliomwambia habari, na faili ikafika mega kumi, inakatwa dola 1.50. Kwa bei ya 2.99, kinachobaki ni dola 1.49, na asilimia 70 yake ni dola 1.04. Angechagua mpango wa asilimia 35, usio na makato hayo, angepata dola 1.05. Picha zimekula faida yote. Dawa ni kupunguza uzito wa picha kabla ya kupakia, au kuzipunguza idadi.

Pili, asilimia 70 hailipwi kwa kila mnunuzi wa dunia. Kuna orodha ya inchi, na Kongo haimo. Nakala ikinunuliwa kutoka Uvira au Lubumbashi, mwandishi anahesabiwa asilimia 35, hata kama bei ni ile ile. Tena mnunuzi huyo anahitaji kadi ya benki. Pesa ya simu, ambayo ndiyo mkoba wa watu wengi huku, haimsaidii pale kwenye kaunta.

Tatu ni kodi. Marekani inakata asilimia 30 ya malipo ya mwandishi wa kigeni kwa nakala zilizouzwa kwao, isipokuwa inchi yake ina mkataba wa kodi nao. Kongo haina mkataba huo. Watu wengi wanagundua jambo hili siku ya kupokea pesa.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme mwalimu alitumia dola 200 kwa kupiga chapa, kusahihisha na jalada, na faili yake ni mega moja. Akiuza Marekani kwa dola 0.99, baada ya asilimia 35 na kodi anabaki na senti 24. Anahitaji wanunuzi 825 ili arudishe pesa yake. Kwa dola 2.99 anabaki na dola 1.39, wanunuzi 144 wanatosha. Kwa dola 4.99 anabaki na dola 2.37, na wanunuzi 85 tu wanamtoa kwenye deni.

Nani anaweza kupata wanunuzi 825 wa kitabu kuhusu Lemera? Riwaya ya mapenzi ya Kiingereza labda, kwa sababu msomaji wake hajali inatoka wapi na anavutwa na bei ndogo. Kitabu cha ushuhuda wa grupema moja ya Bafuliiru hakinunuliwi kwa kupita njia. Anayekinunua ni mtu aliyezaliwa huko, au aliyeoa huko, au mtafiti, au mmisionari mzee wa Sweden aliyefanya kazi kwenye hospitali hiyo ya Wapentekoste. Mtu kama huyo akikiona kwa dola 0.99 hasemi "nitanunua viwili". Akikiona kwa dola 4.99 haondoki. Kushusha bei mpaka chini kunamwumiza mwandishi bila kumwongezea msomaji.

Kwa hiyo kwenye duka la nje, bei ya karibu dola tano ina akili kuliko ile ya 2.99 inayoimbwa kila mahali. Kuna sharti moja la kukumbuka: aliye katika mpango wa asilimia 70 na ana pia kitabu cha karatasi, bei ya kidijitali lazima iwe chini ya ile ya karatasi kwa asilimia 20 au zaidi. Anayetaka 4.99 asiuze cha karatasi kwa dola tano.

Anayebaki nje ya hesabu

Katika hesabu hiyo yote, mkaaji wa Lemera hayumo. Dola tano kwake si bei ya kitabu. Ni chakula, ni dawa, ni sehemu ya minervali ya mtoto. Hata dola moja ina matatizo yake: noti ya dola moja inakataliwa sokoni mara nyingi, na mtu anayeuza vitu vidogo anauza kwa franka. Anayetaja bei ya Lemera kwa dola ameshakosea kabla ya kutaja tarakimu.

Halafu kuna mshindani mkubwa kuliko duka lolote: rafiki anayekutumia kwa WhatsApp. Faili ya PDF ikimfikia mtu mmoja Luvungi, kesho iko Sange, keshokutwa Kiliba, na jioni yake iko Nyarugusu, kambi ya Kigoma ambako wakimbizi wa Kongo wameishi tangu 1996. Sheria ipo: ordonansi-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mwandishi. Lakini hakuna mwalimu atakayempeleka jirani yake mahakamani kwa ajili ya faili ya simu, na angefanya hivyo, grupema nzima ingemcheka.

Bei ya Lemera basi inapaswa kushindana na bure. Haishindi kwa kutisha watu. Inaweza kushinda kwa kuwa ndogo kiasi kwamba kulipa ni rahisi kuliko kuomba, na kwa kulipwa bila kuhangaika: noti moja nzima, isiyodai chenji, inayopita kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Franka 1,000 inaeleweka. Franka 1,350 haieleweki, hata kama kompyuta ndiyo imeihesabu. Na mwandishi ahesabu makato ya kutuma na kutoa pesa kabla ya kutangaza, kwa sababu kwenye kiasi kidogo makato ndiyo yanayouma.

Kuna njia nyingine ambayo wauzaji wa nje hawaifikirii, na Lemera inaijua tangu zamani: kununua kwa kundi. Shule inanunua kitabu kimoja cha kemia na darasa zima linakili. Kanisa linanunua kitabu kimoja cha nyimbo. Mwalimu anaweza kuweka bei ya kundi, tuseme franka 20,000, na aliyelipa anaruhusiwa wazi kugawa faili kwa watu wake wote. Makundi 15 yakilipa, ni franka 300,000, sawa na watu 300 waliolipa franka 1,000 mmoja mmoja. Kutafuta watu 300 kwa simu kila mtu peke yake ni kazi ya mwaka. Makundi 15 ni shule, parokia na ushirika wa wakulima kati ya Lemera na tambarare ya Ruzizi, na kiongozi wa kila moja ana namba ya simu inayojulikana. Kinachonakiliwa baada ya hapo si wizi tena. Kimeshalipiwa.

Mfano wa wafanyakazi wa nyumbani

Kongo imeshaona kitabu cha Kiswahili kilichotolewa na watu wenyewe bila mchapishaji, na historia yake inafundisha kuhusu bei kuliko mashauri ya intaneti. Mwaka 1965, mjini Élisabethville ambao leo ni Lubumbashi, wafanyakazi wa zamani wa nyumbani wa Wazungu walitoa historia ya mji wao, iliyotungwa na mmoja wao, André Yav. Iliitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili chao, kile cha boyi na mpishi, kilichopigwa kwa mashine ya kuandika. Hakuna nyumba ya vitabu iliyoigusa.

Mtaalamu Johannes Fabian alikuja kuichapisha mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo, katika kitabu cha chuo kikuu. Vitabu vya namna hiyo vinauzwa kwa maktaba za Ulaya na Marekani kwa bei zao. Baadaye maandishi yenyewe yaliwekwa kwenye intaneti bila malipo, na leo mtu yeyote wa Katanga au Kivu mwenye mega chache anaweza kuyasoma. Maneno ni yale yale. Maktaba inalipia kitabu, mtoto wa Lubumbashi anasoma bure, na hakuna aliyemzuia mwenzake.

Mwalimu wa Lemera anaweza kufanya jambo kama hilo kwa makusudi, bila kungoja profesa. Amazon haina bei ya Kongo. Mnunuzi wa Kongo anaangukia bei ya duka la Marekani. Tena mkataba wake unaipa kampuni uhuru wa kushusha bei ikiona kitabu kilekile kinauzwa rahisi mahali pengine. Kutoa kitabu kilekile kwa dola 4.99 huku na kwa franka 1,000 kule ni kutafuta ugomvi. Kutoa vitabu viwili si ugomvi: toleo la Kifaransa, lenye utangulizi, ramani na maelezo kwa mtu asiyejua Bafuliiru ni nani, liende dukani, toleo la Kiswahili, fupi, bila mambo ambayo kila mtu wa Lemera anayajua, liuzwe kwa simu. Diaspora ya Ulaya na Marekani, ambayo watoto wake wengi Kiswahili kinawapotea, italipa la kwanza. Na pesa hiyo ya kwanza ndiyo inayofanya la pili liweze kuwa la franka elfu moja.

Lakini asibonyeze kile kibonye cha KDP Select bila kusoma. Kinatoa faida fulani za matangazo, na kwa malipo yake kinamfunga mwandishi siku 90 asiuze wala kugawa kitabu hicho kidijitali mahali pengine popote, hata kwa WhatsApp ya familia.

Pesa inayochelewa, na majina yasiyopaswa kuandikwa

Mambo mawili hayamo katika mashauri ya bei, na huku ndiyo yanayoamua.

La kwanza ni njia ya pesa. Amazon hulipa takriban siku 60 baada ya mwisho wa mwezi ambamo nakala iliuzwa: aliyeuza Januari anatazama akaunti yake mwisho wa Machi. Inalipa kwa benki, na benki inaweza kuwa tatizo. Baada ya Bukavu kuangukia mikononi mwa M23 Februari 2025, benki za mji huo zilifunga milango, na waliokuwa na akaunti huko waliona pesa yao kwa macho ya simu tu. Mwandishi asitegemee malipo ya duka kulipa deni la mwezi huu. Wala asiache faili yake katika nyumba moja. Nigeria walikuwa na OkadaBooks, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Okechukwu Ofili, iliyouza vitabu vya simu kwa naira na kwa bei ndogo, hasa vile ambavyo maduka ya nje yasingevijali. Ilifungwa tarehe 30 Novemba 2023. Waandishi waliokuwa na nakala na orodha ya wasomaji wao waliendelea. Wengine walianza upya.

La pili ni zito zaidi. Kitabu cha dola tano kilicho dukani kinasomwa na wachache walio mbali. Kitabu cha franka elfu moja, au kilicholipiwa na parokia, kinafika kila mahali, na kila mahali ni pamoja na kwa waliofanya yale yaliyoandikwa ndani, au watoto wao, au watu wenye silaha wanaokagua simu njiani. Mzee aliyemwambia mwalimu "nilimwona fulani" alikuwa anazungumza na mwalimu, chini ya mti wake, si na tambarare nzima. Bei ikishuka, hatari yake inapanda. Kwa hiyo kabla ya kuamua franka ngapi, mwalimu anarudi kwa kila mzee, anamsomea sehemu yake, anamweleza kitauzwa vipi na kitafika wapi, na anafuta jina pale anapoambiwa afute. Baadhi watakubali toleo la Kifaransa na kukataa la Kiswahili. Huo ni uamuzi wao.

Na hao wazee, wao walipe ngapi? Hapa hesabu ni fupi. Nakala yao ni ya bure, tena ya karatasi, kwa sababu wengi wao hawana simu ya kufungua faili na macho yao hayataki maandishi madogo. Fotokopi ya kurasa za Kiswahili, iliyoshonwa, kwa kila aliyetoa ushuhuda, iingizwe katika zile dola 200 tangu mwanzo. Ikizifikisha 260, basi kwa bei ya 4.99 duka linahitaji wanunuzi 110 badala ya 85. Watu 25 zaidi wa kutafutwa huko Marekani, katika makundi ya WhatsApp ya watu wa Uvira, na mwalimu anajua ni nani wa kumwandikia kwanza.